Jinsi ya Kutumia Matokeo ya Droo Zilizopita Kuchagua Namba za Bahati Nasibu bila Kujiumiza

Wachezaji wengi wa bahati nasibu hufika mahali wakafungua orodha ya matokeo ya miezi iliyopita, wakashika kalamu, wakaanza kutafuta namba ambayo zamu yake imefika. Kuangalia matokeo si kosa hata kidogo. Shida ni swali wanalokwenda nalo. Matokeo ya zamani hayasemi lolote kuhusu mpira utakaodondoka wiki hii. Yanasema mengi, hata hivyo, kuhusu mambo mawili: wenzako huchagua namba gani, na pesa za tiketi huishia wapi. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyasoma kwa ajili ya hayo mawili. Ni wa watu wazima tu. Kama hujafikia umri unaoruhusiwa kisheria unapoishi, usicheze.

Hatua ya 1: Pesa kwanza, namba baadaye

Kabla hujafungua orodha yoyote, andika kiasi utakachotumia kwa mwezi mzima. Kitoke kwenye pesa ya starehe, ile ambayo ikishatumika huiulizii tena. Kisitoke kwenye kodi ya nyumba, ada, dawa wala akiba, na kisiwe cha kukopa, hata kama ni kwa siku moja tu.

Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu takwimu zina ulevi wake. Mtu akishakaa saa mbili na jedwali, akaona namba 17 imetoka kuliko zote, mkono unaanza kumwasha. Kiasi alichokuwa ametenga anakiona kidogo, maana sasa "anajua kitu". Kiasi kilichoandikwa kabla ya kuangalia namba ndicho kinachomlinda. Kama unacheza mtandaoni, weka kikomo cha pesa ndani ya akaunti yenyewe, ili hata ukitaka kuongeza usiku huohuo usiweze.

Hatua ya 2: Ijue hesabu ya mchezo wako

Fungua kanuni za mchezo utafute mambo matatu: unachagua namba ngapi, kati ya ngapi, na kama zawadi za ngazi za chini ni kiasi maalumu au hugawanywa kwa washindi. Hilo la tatu watu hulipita haraka, na ndilo litakalotusaidia sana huko mbele.

Tuchukue mchezo wa namba 6 kati ya 49, ambao umechezwa nchi nyingi. Michanganyiko yake ni 13,983,816. Anayecheza tiketi moja kwa kila droo, droo mbili kwa wiki, angehitaji kwa wastani zaidi ya miaka 134,000 kupata zote sita. Kupata tatu ni 1 kati ya 57 hivi, nne ni 1 kati ya 1,032, na tano ni 1 kati ya 54,201. Powerball ya Marekani, yenye namba 5 kati ya 69 na mpira mmoja mwekundu kati ya 26, ina michanganyiko 292,201,338.

Katika bahati nasibu nyingi za taifa, karibu nusu tu ya mauzo ndiyo hurudi kwa wachezaji kama zawadi. Nyingine huenda kwenye kodi, miradi ya jamii, kamisheni za wauzaji na uendeshaji. Hakuna namna ya kuchagua namba inayobadilisha mgao huo, kwa hiyo hesabu tiketi kama matumizi. Si uwekezaji.

Hatua ya 3: Chukua matokeo ya chanzo rasmi, ya kanuni zilezile

Pakua matokeo kutoka tovuti ya mwendeshaji wa mchezo au mamlaka inayousimamia. Majedwali ya "namba za moto", yaani zile zilizotoka mara nyingi kuliko nyingine, yanayosambazwa na watu wengine mara nyingi huchanganya vipindi vyenye kanuni tofauti.

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994 ikiwa na namba 49. Oktoba 2015 zikaongezwa kufika 59. Ukijumlisha matokeo yote tangu mwanzo, namba 50 hadi 59 zitaonekana za baridi kupindukia, na mtu asiyejua atasema zimelala mno, lazima ziamke. Kumbe kwa miaka karibu 21 hazikuwepo kabisa ndani ya mashine. Powerball nayo ilibadilika mwezi huohuo: mipira myekundu ikapunguzwa kutoka 35 hadi 26, na jedwali la zamani linaweza bado kukushauri ucheze 31.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliandiki. Waendeshaji wakubwa huwa na mashine zaidi ya moja na seti kadhaa za mipira, na huchagua ipi itumike kwa kila droo. Mashine za Uingereza zilipewa hata majina, kama Arthur, Lancelot na Guinevere. Kwa hiyo mpira namba 17 wa wiki hii huenda si ule uliodondoka mwezi uliopita.

Hatua ya 4: Hesabu mwenyewe, uone jedwali linavyodanganya macho

Hatua hii usiiruke. Inachukua jioni moja na programu ya majedwali ya kompyuta, na itakukinga na uongo mwingi.

Chukua droo 500 za mchezo wa 6 kati ya 49. Hesabu kila namba imetoka mara ngapi. Kwa wastani kila namba inatarajiwa kutoka kama mara 61. Lakini hutaona 61 kila mahali. Utaona moja imetoka mara 48, nyingine mara 74, na moyo utakuambia kwamba hapa pana siri. Hakuna. Kwa droo 500, mtawanyiko wa kawaida kabisa ni kati ya 47 na 76 hivi, na kwa kuwa namba ni 49, mbili au tatu kutoka nje ya mipaka hiyo pia ni kawaida. Jedwali ambalo kila namba imetoka mara 61 kamili ndilo lingepaswa kukutia shaka.

Sasa fanya jaribio lenyewe. Gawa droo hizo 500 katika sehemu mbili, 250 za mwanzo na 250 za mwisho. Andika namba kumi zilizoongoza katika nusu ya kwanza. Kisha andika kumi zilizoongoza katika nusu ya pili. Zinazofanana ni ngapi? Kama moto wa namba ungekuwa wa kweli, orodha hizo zingefanana sana. Kwa bahati tupu, ungetarajia mbili tu zijirudie. Utakuta mbili, labda moja, labda tatu. Ukishaliona hilo kwa macho yako, kwenye matokeo ya mchezo wako mwenyewe, hakuna atakayekuuzia orodha ya namba za moto.

Ukiwa bado na data hiyo mkononi, angalia vitu viwili zaidi. Kwanza, hesabu droo zenye angalau namba mbili zinazofuatana, kama 22 na 23. Ni karibu nusu ya droo zote. Pili, hesabu droo zilizorudia angalau namba moja ya droo iliyotangulia. Ni zaidi ya nusu, kama asilimia 56. Watu wengi hukwepa vyote viwili wakiamini havitokei, na hapo ndipo matokeo yanaanza kutuambia habari za watu.

Hatua ya 5: Achana na namba zilizolala

Hili ndilo lililoumiza watu wengi, na linastahili kusimuliwa. Italia wana mchezo ambao kila mji ulio kwenye mchezo huo una droo yake, namba 5 kati ya 90. Kuanzia Mei 2003, namba 53 iliacha kutoka kwenye droo ya Venezia. Ikapita miezi, ikapita mwaka, na watu wakazidi kuiwekea pesa, kila droo wakiongeza dau kwa kuwa "sasa haiwezi kukosa". Inakadiriwa zaidi ya euro bilioni 3.5 zilichezwa kwenye namba hiyo moja. Familia zilimaliza akiba, zikaingia madeni, na vyombo vya habari viliripoti hata vifo vya watu waliokata tamaa. Namba 53 ilitoka Februari 9, 2005, baada ya kukosekana katika droo zaidi ya 180.

Uwezekano wa 53 kutoka Venezia katika droo ya kwanza ya ukame ule ulikuwa 1 kati ya 18. Katika droo ya mia moja, 1 kati ya 18. Usiku ule ilipotoka, 1 kati ya 18. Mipira haikumbuki, na mashine haina deni na mtu.

Upande wa pili wa sarafu ni imani kwamba kilichotoka juzi hakiwezi kurudi. Septemba 2009, Bulgaria ilitoa 4, 15, 23, 24, 35 na 42 tarehe 6, kisha ikatoa namba hizohizo sita tarehe 10. Serikali iliagiza uchunguzi, na haukupata dalili ya udanganyifu. Mara ya kwanza hakuna aliyepata zote sita. Mara ya pili walipata watu 18, na wakagawana zawadi.

Hatua ya 6: Soma safu ya idadi ya washindi

Sasa tumefika kwenye kazi halisi ya matokeo yaliyopita. Waendeshaji wengi huchapisha, pamoja na namba, idadi ya washindi wa kila ngazi na kila mmoja alilipwa kiasi gani. Watu huiruka safu hiyo. Mimi nakuomba uanzie hapo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya orodha inayoonyesha tabia inayojirudia: tabia ya wachezaji.

Tafuta droo ambazo washindi walikuwa wengi kuliko kawaida, kisha uangalie namba zake. Ufilipino, Oktoba 1, 2022, mchezo wa 6 kati ya 55 ulitoa 9, 18, 27, 36, 45 na 54. Watu 433 walikuwa nazo. Peso milioni 236 zikagawanywa vipande 433, kwa sababu hilo ni jedwali la kuzidisha la tisa na wengi hulicheza. Afrika Kusini, Desemba 1, 2020, zikatoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa nyongeza 10. Washindi 20 wakagawana.

Uingereza, Machi 2016, zilitoka 7, 14, 21, 35, 41 na 42, tano kati yake zikiwa za jedwali la saba. Watu 4,082 walipata namba tano na kila mmoja akalipwa pauni 15, wakati waliopata namba tatu walilipwa pauni 25. Waliopata tano walipata kidogo kuliko waliopata tatu! Zawadi ya namba tatu ilikuwa kiasi maalumu, ya tano ilikuwa ya kugawana. Ndiyo maana Hatua ya 2 ilikutaka ujue zawadi zako ni za aina gani.

Usidhani lakini kwamba msongamano ni kwenye mifumo ya wazi tu. Januari 14, 1995, Uingereza ilitoa 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Ukizitazama, zimetawanyika vizuri, hazifuatani, hazina mpango. Watu 133 walizipata zote sita. Mtu akiambiwa achague bila mpango, hutawanya namba kwa nafasi zinazolingana, hukwepa zinazofuatana, hupenda 7, na huweka alama zake katikati ya karatasi badala ya pembeni. Maelfu wanafanya hivyo kwa wakati mmoja, kila mmoja akiamini ni chaguo lake peke yake.

Halafu kuna siku za kuzaliwa. Anayecheza tarehe za familia hawezi kuvuka 31. Katika mchezo wa 49, michanganyiko iliyo ndani ya 1 hadi 31 ni 736,281, kama asilimia 5 tu ya yote, lakini tiketi zinazojaa humo ni nyingi kupita kiwango hicho.

Hatua ya 7: Jaza tiketi

Acha kompyuta ichague. Tumia chaguo la mashine la mchezo wenyewe, au programu yoyote ya kutoa namba za kubahatisha. Kisha pitisha tiketi kwenye maswali haya: Zote ziko chini ya 32? Zinapanda kwa hatua zinazolingana, kama 5, 10, 15? Zinachora mstari au umbo kwenye karatasi? Ni matokeo ya droo iliyopita, au namba zilizozungumzwa sana karibuni? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, tupa uombe nyingine.

Mashine ikikupa 3, 7, 11, 19, 23, 28, zote ziko kwenye eneo la siku za kuzaliwa, omba tena. Ikikupa 4, 19, 33, 34, 41, 47, iache kama ilivyo. Usiogope 33 na 34 kukaa pamoja, wala usibadilishe 47 kwa kuwa haijatoka muda mrefu. Ukishaanza kurekebisha kwa mkono, unairudisha tiketi kwenye kundi la wengine.

Na tusidanganyane: hatua hii haiongezi uwezekano wa kushinda hata chembe. 1, 2, 3, 4, 5, 6 ina nafasi sawa na tiketi hiyo niliyoisifu. Kinachobadilika ni utagawana na wangapi endapo utashinda. Ukicheza mchezo ambao zawadi zake zote ni kiasi maalumu kisichogawanywa, hata faida hiyo ndogo haipo.

Nashauri pia usiwe na namba za kudumu. Anayecheza namba zilezile kila wiki, akazikariri, huanza kuogopa kuacha, kwa hofu kwamba zitatoka siku asiyocheza. Hofu hiyo humfanya anunue hata wiki asiyo na pesa. Namba mpya kila mara, usizozikumbuka, zinakuacha huru kupumzika.

Hatua ya 8: Tiketi nyingi na "mifumo"

Mifumo ya kuchanganya namba nyingi kuliko zinazohitajika huonekana ya kitaalamu. Ukichagua namba 8 na kucheza michanganyiko yake yote ya sita, umenunua tiketi 28. Namba 10 ni tiketi 210. Umelipia kila nafasi kwa bei ileile.

Mwaka 2023 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha kwamba katika mchezo wa 6 kati ya 59, tiketi 27 zilizopangwa vizuri zinakuhakikishia kulinganisha angalau namba mbili. Ni hisabati nzuri sana. Lakini kwa Uingereza, kulinganisha mbili hukupatia tiketi ya bure tu, na hizo 27 umezilipia.

Stefan Mandel, anayesifiwa kwa kuishinda bahati nasibu ya Virginia mwaka 1992, hakutumia matokeo yaliyopita. Alisubiri jakpoti, yaani zawadi kuu, izidi gharama ya kununua michanganyiko yote 7,059,052, kisha kundi lake likanunua kama milioni 5. Hiyo ilikuwa shughuli ya wawekezaji wengi na mtaji wa mamilioni.

Hatua ya 9: Wauza namba

Yeyote anayekuuzia namba za uhakika, awe kwenye kundi la Telegram, kwa ujumbe au ana kwa ana, ni tapeli. Angekuwa nazo asingehitaji ada yako. Eddie Tipton, mfanyakazi wa chombo cha bahati nasibu cha Marekani aliyechezea programu ya kutoa namba, hakuuza namba hizo kwa umma. Alitumia marafiki na ndugu kuchukua zawadi, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Ukiambiwa umeshinda droo usiyoicheza, au utume pesa kwanza ili zawadi itolewe, usitume. Ujanja wao mwingine ni kutuma namba tofauti kwa watu wengi. Yule mmoja anayepata tatu, kwa bahati tu, hugeuka shahidi wao.

Hatua ya 10: Baada ya droo

Linganisha tiketi na matokeo rasmi, si na picha iliyotumwa na mtu. Andika jina lako nyuma ya tiketi ya karatasi pale tu unapoinunua, kama kanuni zinaruhusu, na ujue mwisho wa kudai zawadi. Uingereza, kwa mfano, ni siku 180. Zawadi ndogo nyingi hupotea kwa watu kutoangalia ngazi za chini.

Kuwa na daftari la safu tatu: tarehe, kilichotoka mfukoni, kilichorudi. Usiandike namba ulizokosa kwa kidogo. Kuwa na 22 wakati imetoka 23 si kukaribia; mipira haipangwi mstari ndani ya mashine, na 22 ilikuwa mbali sawasawa na 49. Hisia ya "nilikaribia" ndiyo huwarudisha watu dirishani kabla mwezi haujaisha.

Mwisho wa mwezi jumlisha. Kama umevuka kiasi cha Hatua ya 1, mwezi unaofuata usicheze kabisa. Ukijikuta unaongeza dau ili kurudisha kilichopotea, unamficha mwenzi wako tiketi, unakopa, unakosa usingizi siku ya droo au unauza kitu ili ucheze, funga orodha za matokeo na usizifungue tena. Omba mwendeshaji akufungie akaunti kwa kipindi kirefu zaidi kinachotolewa, futa programu kwenye simu, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi halisi ulichopoteza, bila kukipunguza. Kama anakubali, mkabidhi kadi au usimamizi wa pesa kwa muda. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957, vipo sasa katika nchi nyingi, havitozi ada ya uanachama, na vina mikutano ya mtandaoni unayoweza kuingia leo jioni bila kutaja jina lako kamili.